Nyumba ya Mianzi ya Huangzhou

Siku hizi twasikia sana habari za nyumba ndogo za mapumziko zinazojengwa kwa mianzi, zikisifiwa kwamba haziidhuru ardhi na kwamba zafuata desturi za mahali zilipo. Wengi hudhani kwamba fikira hii ni mpya, lakini sivyo. Katika nchi ya China, mwaka 999, mtu mmoja alijenga nyumba ya namna hiyo, akaandika maelezo mafupi juu yake, na maelezo yale yangali yakisomwa hata leo. Nimeona yafaa kuyachungua, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo wajenzi wa leo hawapendi kuulizwa, nalo ni: nyumba hii itadumu miaka mingapi, na nani atakayeitengeneza?

Mwandishi huyo aliitwa Wang Yucheng. Alizaliwa mwaka 954 katika jamaa ya wakulima, akafaulu mtihani mkuu wa serikali mwaka 983, akapata vyeo vikubwa katika utawala wa nasaba ya Song. Alikuwa mtu wa kusema waziwazi, na mara tatu alishushwa cheo na kuondolewa katika mji mkuu. Mara ya tatu ilitokea baada ya yeye kushiriki katika kuandika kumbukumbu rasmi za mfalme wa kwanza wa nasaba ile. Uandishi wake haukuwapendeza wakubwa, akapelekwa kuwa mkuu wa Huangzhou, mji mdogo ulio kando ya Mto Yangtze, katika jimbo ambalo sasa laitwa Hubei.

Pale Huangzhou aliwakuta wenyeji wakiezeka nyumba zao kwa mianzi. Mianzi ya nchi ile ilikuwa minene kama maboriti. Mafundi waliipasua, wakaondoa vizuizi vilivyomo katika mafundo, wakaitumia mahali pa vigae. Paa la namna hii kwa kawaida hupangwa kwa zamu, nusu moja ikilazwa chali na nyingine kifudifudi juu ya ukingo wake, ili maji yapite kama katika mfereji. (Neno letu “kigae” lamaanisha pia kipande cha chungu kilichovunjika, na neno la Kichina “wa” vilevile hubeba maana ya udongo uliookwa. Kwa hiyo “kigae cha mwanzi” ni jina linalojipinga lenyewe katika lugha zote mbili, na hata hivyo laeleweka mara moja.)

Yatupasa tuangalie sababu aliyoitoa Wang. Hakusema kwamba wenyeji walitumia mianzi kwa uzuri wake. Alisema kwamba bei yake ilikuwa rahisi na kazi yake ilikuwa nyepesi. Nyumba zote za mji zilikuwa hivyo. Basi kile alichokifanya yeye kuwa kipumziko kilikuwa makao ya kila siku ya watu ambao hawakuwa na mali ya kununulia vigae vya udongo. Jambo hili laonekana tena na tena katika historia ya majengo: unyonge wa mmoja hugeuka kuwa uzuri wa mwingine. Simlaumu Wang, kwa maana yeye alikiri jambo hili kwa maneno machache yaliyo wazi, na wengi waliomfuata hawakukiri.

Alichagua pembe ya kaskazini-magharibi ya ukuta wa mji, mahali palipobomoka na kuota magugu, akajenga vyumba viwili tu juu yake. Kutoka pale aliiona milima kwa mbali na mto kwa karibu. Lakini sifa kubwa ya nyumba ile, kama aielezavyo, haikuwa macho bali masikio. Mvua ya kiangazi ilivuma juu ya paa kama maporomoko ya maji. Theluji ya kipupwe ililia kama vito vinavyovunjika. Kinanda cha nyuzi kilisikika vema humo, hata kete za mchezo wa ubao zilitoa mlio mzuri, na mishale iliyotupwa ndani ya gudulia kwa mchezo vilevile. Mwanzi ulio mtupu ndani ni ala ya muziki, na mtu aishiye chini ya paa la mianzi aishi ndani ya ala hiyo. Kazi za serikali zikiisha, Wang alivaa joho la manyoya ya korongo, akashika Kitabu cha Mabadiliko, akachoma ubani na kukaa kimya. Akataja pia majumba marefu ya fahari ya zamani, akayadharau kwa sababu yalijengwa kwa ajili ya waimbaji na wachezaji tu.

Ndipo alipomleta fundi. Fundi hana jina katika maelezo yale, lakini maneno yake ndiyo kiini cha habari yote. Alisema kwamba kigae cha mwanzi hudumu miaka kumi tu, na kikiwekwa tabaka mbili hufika ishirini. Mimi kama mwanafunzi wa lugha nalitazama neno alilolitumia. Si neno la kawaida la “mwaka”, bali ni “ren”, ambalo asili yake ni kuiva kwa nafaka. Ni kama kusema mavuno kumi, mavuno ishirini. Wang, kwa upande wake, anapohesabu maisha yake mwenyewe hutumia majina ya miaka ya kalenda rasmi: mwaka 995 aliondolewa kwenda Chuzhou, 996 akahamishwa Yangzhou, 997 akarudishwa mji mkuu, na siku ya mwisho ya mwaka uliofuata, kwa hesabu yao, akaamriwa kwenda Huangzhou. Hesabu moja ni ya shamba, ya pili ni ya ofisi. Paa la mavuno kumi laonekana dhaifu mpaka liwekwe karibu na mtu ambaye kwa miaka minne hakukaa mahali pamoja.

Hesabu ya fundi ina maana nyingine pia. Mwanzi hufikia urefu wake wote kwa miezi michache, na hukomaa kwa kujengea baada ya miaka mitatu hadi mitano. Basi kabla paa halijaoza, kichaka kimekwisha kuzaa paa jingine, na huenda la tatu. Udongo uliookwa hauna sifa hiyo, ijapokuwa wadumu zaidi. Lakini kichaka hakipandi juu ya paa chenyewe. Wang alilijua hilo, na mwishoni hakuomba nyumba yake idumu. Aliwaomba watakaokuja baada yake waitengeneze.

Aliandika hayo mwezi wa nane wa mwaka 999. Mwaka 1001 alihamishwa tena, kwenda Qizhou, akafariki huko mwaka uleule. Kwa hesabu ya fundi, vigae vya Huangzhou vilikuwa bado na mavuno manane.