Fuat Sezgin: Kutoka Maandishi Hadi Ala

Msomaji wa hati ya kale inayoeleza mtambo aweza kuikubali sentensi asiyoifahamu barabara, mradi sarufi yake imenyooka. Fundi hana nafasi hiyo. Lazima ajue gurudumu lina meno mangapi na maji yapitie wapi. Fuat Sezgin, mwanahistoria wa sayansi wa Kituruki, alikuwa msomaji wa hati. Lakini aliwaita mafundi wamsaidie kusoma.

Alizaliwa Bitlis, mashariki ya Uturuki, mwaka 1924. Alifika Istanbul akikusudia kusomea uhandisi, ila mhadhara mmoja wa Hellmut Ritter, Mjerumani aliyefundisha huko taaluma za Mashariki, ukamgeuza. Kitabu chake cha mwaka 1956 kilihusu vyanzo vya al-Bukhari. Humo alidai kwamba silisila za wapokezi wa hadithi, zilizodhaniwa kuwa za mdomo tu, aghalabu zilificha vitabu vilivyoandikwa mapema. Wachunguzi wa fasihi simulizi watalitambua swali hilo mara moja, na yamkini wengi wao watalijibu kinyume.

Mwaka 1960, baada ya wanajeshi kutwaa serikali, wanachuo 147 walifukuzwa katika vyuo vikuu vya Uturuki, naye akiwamo. Alihamia Frankfurt. Huko, mwaka 1967, lilitoka juzuu la kwanza la historia yake ya maandishi ya Kiarabu, kazi iliyoanza kama nyongeza ya orodha mashuhuri ya Carl Brockelmann na ikafikia juzuu 17: tiba, kemia, hisabati, falaki, jiografia.

Hata hivyo, orodha ya hati husomwa na wachache. Sezgin alitaka hoja yake ionekane kwa macho, kwamba kati ya Wayunani na Ulaya mpya palikuwa na karne nyingi za ugunduzi, wala si za kuhifadhi tu urithi wa wengine. Mwaka 1982 aliasisi taasisi ya historia ya sayansi ya Kiarabu na Kiislamu katika Chuo Kikuu cha Frankfurt, na humo mafundi wakaanza kuunda upya ala zilizoelezwa vitabuni.

Mfano bora ni saa ya ndovu ya al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206. Tumboni mwa ndovu mna tangi la maji, na juu ya maji huelea bakuli lenye tundu dogo. Bakuli hujaa polepole na kuzama kila nusu saa. Linapozama huvuta kamba, gololi ikaachiliwa, ikaangukia kinywani mwa nyoka. Nyoka huinama kwa uzito wake, akaliinua bakuli, na kazi ikaanza upya. Tundu likikosewa kidogo, saa husema uongo. Hapo tafsiri mbaya haina pa kujificha.

Lakini ala iliyoundwa upya haithibitishi kwamba ya kwanza ilitumika, wala kwamba ilienea. Pale maandishi yanaponyamaza, fundi hujaza pengo kwa akili yake, na mtazamaji haoni mshono. Sezgin mwenyewe wakati mwingine alivuka mpaka wa ushahidi, mathalani alipodai kwamba mabaharia Waislamu walifika Amerika kabla ya Columbus. Wanahistoria wengi hawajakubali. Ana nguvu zaidi katika Bahari ya Hindi. Hapo amemtegemea Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 aliyetunga shairi la njia ya Sofala, na hesabu za mabaharia waliopima kimo cha nyota kwa vidole. Ni elimu ambayo pwani ya Afrika Mashariki iliihitaji kila msimu wa pepo.

Jumba la makumbusho la Istanbul lilifunguliwa mwaka 2008 katika bustani ya Gülhane, katika yaliyokuwa mabanda ya farasi wa masultani. Mtu aliyefukuzwa chuoni akarejea mjini na ala zake. Vitabu havikuwa vyepesi hivyo: mwaka 2017 mamlaka za Ujerumani zilizuia sehemu ya maktaba yake isihamishwe. Alifariki Istanbul tarehe 30 Juni 2018, akazikwa Gülhane, karibu na jumba lake.