Gharama za kufanyia kazi nyumbani katika kodi ya mapato (Karagwe na Kyerwa)

Gharama za kufanyia kazi nyumbani ni matumizi kama umeme, pango na vifurushi vya intaneti ambayo mtu huingia ili apate kipato akiwa kwake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 (Sura 332) haitoi nafuu maalumu kwa ajili yake. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jambo hili huwagusa hasa wenye cherehani barazani na wenye maduka katika chumba cha mbele.

Mwajiriwa hapunguziwi chochote. Mwalimu wa Nkwenda anayesahihisha madaftari usiku kwa umeme wake hukatwa kodi kwenye mshahara kama kawaida; kinachoondolewa kabla ya kukokotoa ni mchango wake wa mfuko wa pensheni. Lakini mwajiri akimrudishia fedha alizotumia kwa kazi tu, fedha hizo hazihesabiwi kuwa mshahara.

Kwa mfanyabiashara, kifungu cha 11 huruhusu kuondoa gharama zilizotumika zote, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuzalisha mapato. Matumizi ya kaya hayaruhusiwi. Ugumu uko hapo: LUKU moja huwasha pasi ya fundi na taa ya sebuleni. Mita ya pili kwa chumba cha kazi huondoa ubishi mwingi.

Hata hivyo, fundi nguo wa Kayanga kwa kawaida hafiki kwenye kifungu hicho. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa mauzo, si kwa faida, hivyo gharama hazipunguzwi kabisa. Watoa huduma za kitaalamu, kama washauri, hawamo katika utaratibu huo. Wao hukokotoa faida.

Kinachomsaidia fundi ni daftari. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mauzo hadi milioni 4 hayatozwi. Mwenye mauzo ya milioni 6 asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Kwa milioni 10 ni 250,000 dhidi ya 180,000. Wengi huanza kuandika baada ya kukadiriwa, na hapo mwaka umeshapita.