Kondoo wa Senti Mbili

Mwaka 2006 vibarua wa mtandaoni walipewa kazi ya ajabu: wachore kondoo anayetazama kushoto. Malipo yalikuwa senti mbili za dola kwa kondoo mmoja. Mwenye kazi alikuwa Aaron Koblin, mwanafunzi wa sanaa wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, na vibarua aliwapata Mechanical Turk, soko la Amazon ambako kazi kubwa hukatwakatwa vipande vidogo mpaka mfanyaji asijue kinachojengwa. Alikusanya kondoo 10,000. Chombo cha kuchorea kilihifadhi kila mstari kwa mpangilio wake, hivyo mtazamaji alibofya kondoo yeyote na kumwona akichorwa upya, mgongo, manyoya na miguu, kana kwamba mkono bado uko kwenye karatasi.

Kondoo wote hao ni dola 200. Koblin alipoanza kuuza stempu zenye michoro hiyo, baadhi ya wachoraji walilalamika, na walikuwa na haki ya kuuliza: kazi ya mikono mingi ni mali ya nani?

Jibu mojawapo lilikuwa tayari jirani na Koblin. Casey Reas, aliyefundisha UCLA, alikuwa ameanzisha na Ben Fry programu huria iitwayo Processing mwaka 2001, wakiwa chuo cha MIT. Waliikusudia kwa wasanii wanaotaka kuchora kwa kuandika msimbo wa kompyuta bila kuwa wahandisi. Mtu yeyote aliweza kuipakua bure, kuifungua na kuibadilisha.

Mwaka 2008 mambo haya mawili, kazi ya mikono mingi na programu huria, yalikutana na muziki. Bendi ya Uingereza, Radiohead, ilitoa video ya wimbo wake House of Cards iliyotengenezwa bila kamera. Mwongozaji alikuwa James Frost. Koblin alisimamia teknolojia. Uso wa mwimbaji Thom Yorke ulinaswa kwa vipimo vya mwanga, na mandhari ya nje kwa mashine ya leza 64 zilizozunguka mara 900 kwa dakika. Kilichopatikana ni nukta tupu, kila moja ikiwa na mahali pake na mng'ao wake. Kisha wakafanya jambo ambalo kampuni za muziki hazikuzoea: sehemu ya nukta hizo ikawekwa wazi kama mafaili ya namba, pamoja na msimbo wa Processing wa kuanzia. Mashabiki wakaugeuza uso wa Yorke walivyotaka na kutengeneza video zao.

Mwaka uliofuata Koblin na Daniel Massey walirudi kwa vibarua wa Mechanical Turk. Zaidi ya watu 2,000 walisikilizishwa kipande kifupi cha sauti na kuombwa wakiige, bila kuambiwa ni wimbo gani. Sauti zilipounganishwa zikaimba Daisy Bell, wimbo uleule ambao kompyuta ya maabara ya Bell Labs iliwahi kufundishwa kuuimba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inagusa kuusikiliza, lakini waimbaji wenyewe bado walikuwa gizani.

Giza hilo liliondoka mwaka 2010. Mwimbaji wa Marekani, Johnny Cash, alikuwa amefariki mwaka 2003, na wimbo wake Ain't No Grave ulikuwa umetoka katika albamu iliyochapishwa baada ya kifo chake. Koblin na mwongozaji Chris Milk waliwaalika watu wamchore, fremu baada ya fremu, juu ya picha zake za zamani. Hapakuwa na senti mbili. Waliokuja walikuja kwa mapenzi, wakijua wanamchora nani na kwa wimbo gani. Rangi zilikuwa nyeusi, nyeupe na kijivu tu, na uamuzi huo ndio uliozifanya fremu za watu wasiojuana zikae pamoja: moja ya mistari michache ya haraka, inayofuata imetiwa kivuli hadi mkunjo wa shavu. Mtazamaji aliposimamisha video aliona jina la aliyechora na namna alivyochora.

Video iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2011. Wakati huo bado ilikuwa ikibadilika, maana fremu moja iliweza kuwa na wachoraji wengi, na michoro mipya iliendelea kuingia.