Zinaa

Katika zahanati za Tanzania na Kenya tumezoea kusikia “magonjwa ya zinaa”. Zinaa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni kujamiiana nje ya ndoa. Linataja dhambi, halitaji vijidudu. Sasa mama mjamzito, mke wa mtu, anapimwa kliniki na kukutwa na kaswende. Muuguzi akilitamka neno hilo, amekwisha kumhukumu kabla ya kumchoma sindano ya penisilini. Mama ataona aibu kumleta mumewe, na mume asipotibiwa, ugonjwa unaweza kumrudia mama. Na mtoto aliyeambukizwa tumboni, yeye alizini na nani? Wauguzi wetu, semeni “magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana”. Ni maneno marefu, lakini hayamtuhumu mtu.