Nguvu Bila Nyama: Kutoka Wala Shayiri wa Efeso hadi Wakimbiaji wa Bonde la Ufa

Mwaka 1993 wanaakiolojia wa Austria waliokuwa wakichimba Efeso, katika Uturuki ya leo, walikuta makaburi ya magladieta, wale wapiganaji waliouana uwanjani kuwaburudisha Warumi. Mifupa yao ilikuwa na alama za silaha, na baadhi ya majeraha yalikuwa yamepona vizuri kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna waliipima mifupa hiyo, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo kuhusu chakula cha wapiganaji hao. Magladieta walikula ngano, shayiri na jamii ya kunde. Nyama ilikuwa kidogo mno.

Waandishi wa kale walikwishasema hivyo. Pliny anatuambia magladieta waliitwa “wala shayiri”. Galen, aliyewatibu huko Pergamo kuanzia mwaka 157 B.K., alinung’unika kwamba uji wao wa kunde na shayiri unawapa minofu laini, isiyokaza. Watafiti wa Vienna walikuta pia madini ya strontiamu kwa wingi katika mifupa yao kuliko ya raia wa kawaida, na maelezo yao ni kinywaji cha majivu ya mimea kilichonywewa baada ya mazoezi. Tukumbuke kwamba wengi wao walikuwa watumwa, na aliyewamiliki aliwalisha cha bei nafuu. Hata hivyo, hakuna mwenye mali ambaye angempeleka uwanjani mtu asiye na nguvu, kwa kuwa gladieta alikuwa mtaji wake.

Upande wa Wagiriki mambo yalikwenda kinyume. Mwandishi wa Kigiriki Pausanias anaeleza kwamba wanariadha wa mwanzo walikula jibini, hadi Dromeus wa Stymphalos, mshindi wa mbio ndefu za Olimpia, alipoanzisha mtindo wa kula nyama. Milo wa Kroton, mpiga mieleka wa karne ya 6 K.K., alisimuliwa kuwa aliweza kula fahali mzima kwa siku moja. Hadithi kama hizo zilipita kizazi hadi kizazi, na mtu mwenye misuli akawa picha ya mtu mla nyama.

Imani hiyo ilipata joho la sayansi katika karne ya 19. Justus von Liebig, mkemia mkubwa wa Ujerumani, alifundisha tangu mwaka 1842 kwamba msuli unapofanya kazi hujichoma wenyewe, yaani huteketeza protini yake, na kwamba protini hiyo lazima irudishwe kwa chakula. Kwa hiyo anayefanya kazi ngumu ale nyama. Mwaka 1865 kampuni yenye jina lake ilianza kutengeneza mchuzi mzito wa nyama huko Fray Bentos, Uruguay, na kuuza makopo yake Ulaya. Nadharia na biashara zikawa zinasukumana.

Mwaka huohuo, alfajiri ya tarehe 30 Agosti, maprofesa wawili kutoka Zürich walianza kupanda mlima Faulhorn huko Uswisi. Adolf Fick alikuwa na uzito wa kilo 66, Johannes Wislicenus kilo 76. Tangu mchana wa jana yake hawakugusa chakula chenye protini. Walikula mikate midogo ya wanga iliyokaangwa kwa mafuta, wakateremshia chai yenye sukari. Walipanda mita 1,956 kutoka usawa wa ziwa Brienz, na njia nzima walikusanya mkojo wao kwenye chupa, kwa sababu nitrojeni iliyomo ndiyo ingeonyesha ni protini kiasi gani iliyochomwa mwilini. Wakapiga hesabu rahisi ya kazi waliyoifanya: uzito wa mtu mara kimo alichopanda. Protini iliyochomwa haikutosha kueleza kazi ile. Mkemia Edward Frankland wa London alipopima mwaka uliofuata ni joto kiasi gani linatoka katika kila aina ya chakula, nadharia ya Liebig ikaanguka. Msuli huendeshwa hasa na wanga na mafuta. Kwangu mimi, hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote katika historia hii, na inasikitisha kwamba ni wachache wanaokijua, huku hadithi ya fahali wa Milo ikiendelea kusimuliwa.

Waliokataa nyama Ulaya walipata ujasiri. Mwaka 1902 Karl Mann, asiyekula nyama, alishinda mashindano ya kutembea kutoka Dresden hadi Berlin, kilomita 202, kwa muda wa takriban saa 27. Katika Olimpiki ya London ya 1908, Emil Voigt wa Uingereza, naye asiyekula nyama, alitwaa dhahabu ya maili 5. Katika Olimpiki ya Melbourne ya 1956, Murray Rose, muogeleaji kijana wa Australia aliyelelewa bila nyama, alinyakua medali tatu za dhahabu.

Kujinyima nyama tu ni jambo moja. Kuacha pia maziwa, mayai na kila kitokanacho na mnyama ni jingine. Hatua hiyo ilipata chama chake Novemba 1944 huko Uingereza, chini ya Donald Watson. Waasisi wake walikuwa wakitembea gizani bila kujua, kwa kuwa vitamini B12 ilikuwa haijatambuliwa. Ilipatikana mwaka 1948, na ikajulikana kwamba mimea haitupatii kwa kiwango cha kutegemewa. Ini huweka akiba yake kwa miaka, hivyo mtu hujiona mzima huku akiba ikipungua, kisha damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika. Anayekula mimea pekee ni lazima atumie kidonge cha B12 au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo.

Aliyeitangaza njia hii michezoni kuliko wote ni Carl Lewis, mwanariadha wa Marekani. Agosti 1991, jijini Tokyo, akiwa na miaka 30, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.86 na kuvunja rekodi ya dunia, mwaka mmoja hivi baada ya kuacha kila kitokanacho na mnyama. Yeye mwenyewe aliusifu mlo huo. Lakini Lewis huyuhuyu alibeba dhahabu nne Los Angeles mwaka 1984 akiwa bado anakula nyama. Ushahidi wa mtu mmoja, hata awe bingwa, hautoshi.

Ushahidi mzuri zaidi uko karibu nasi. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera wa Kenya walichapisha walichokula wakimbiaji kumi bora wa nchi hiyo kwa wiki nzima, kila chakula kikipimwa. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, na asilimia 86 ya nishati yote ilitoka kwenye mimea. Ugali ulishika nafasi ya juu, na sukari ya chai haikuwa mbali. Nyama ilikuwa kitoweo cha pembeni. Hawa si watu waliokataa mazao ya wanyama, maana chai yao ni ya maziwa, na bingwa anaporudi nyumbani hupokewa uwanja wa ndege na kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando. Lakini injini yao ni nafaka.

Ethiopia inakwenda mbali zaidi. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi hujizuia nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, siku 55 za Kwaresima, na mifungo mingine, jumla ikifika siku 180 hivi kwa mwaka kwa muumini wa kawaida. Si wakimbiaji wote ni Waorthodoksi, wala si wote hufunga wakati wa mashindano. Hata hivyo nchi ambayo mamilioni hula injera na dengu karibu nusu ya mwaka ndiyo iliyomtoa Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu.

Na misuli mikubwa je? Mwaka 2021 watafiti wa São Paulo walichapisha matokeo ya vijana 38, nusu wala mimea pekee, nusu walaji wa kila kitu, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 12. Wote walipata gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili, kundi la kwanza likiongezewa ya soya na la pili ya maziwa. Misuli na nguvu viliongezeka sawasawa.

Msimamo wangu ni kwamba mlo wa mimea pekee haumpi mtu kasi wala haumnyang’anyi, mradi ale cha kutosha, apate protini ya kutosha na B12 yake. Hatari kubwa kwa vijana wetu ni upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wasichana wanaokimbia huku wakipoteza damu kila mwezi. Chuma cha maharage na mboga hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzidi kukizuia, ilhali chungwa au limau hukisaidia. Makocha wa shule, isogezeni chai ikae mbali na mlo, wekeni tunda kwenye sahani, na wapelekeni mabinti wakapimwe damu kabla hamjawaambia kwamba wamekosa bidii.