Retina, uchunguzi wa (malaria ya ubongo)

Ukaguzi wa mishipa midogo ya damu kwa mwanga tu, bila kupasua fuvu. Retina, utando wa nyuma ya jicho, ina asili moja na ubongo. Chembe nyekundu zenye vimelea vya *Plasmodium falciparum* hunata kwenye kuta za mishipa ya kote kuwili na kuzuia damu. Mboni ikishapanuliwa kwa matone, ofthalmoskopu (Hermann von Helmholtz, 1851) au kamera huonyesha retina iliyopauka, mishipa iliyogeuka rangi ya chungwa au nyeupe, na madoa ya damu yenye kitovu cheupe.

Thamani yake ilithibitika Blantyre, Malawi: kati ya watoto 31 waliopasuliwa baada ya kufa, wote wakidhaniwa kuwa na malaria ya ubongo, 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine (utafiti uliochapishwa 2004). Retina ndiyo iliyowatofautisha vizuri kuliko dalili nyingine.

Katika wilaya ya Fizi, mashariki mwa Kongo (DRC), hasa Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, malaria ni ugonjwa mkubwa wa wodi za watoto. Mashine za mwanga wa infraredi, njia nyingine ya kuchunguza ubongo bila kupasua, zilizotokana na kazi ya Frans Jöbsis (1977), hupima oksijeni ya ubongo lakini hazionyeshi mshipa mmojammoja. Hospitali ya mbali kama ya huko itafaidika zaidi na ofthalmoskopu. Retina ikiwa safi, tabibu huendelea na dawa ya malaria huku akitafuta chanzo kingine, kama homa ya uti wa mgongo.