Hati ya Kilwa na Hesabu za Mashine

Zamani kabla jina la kisiwa cha Songo Songo halijavuma kwa gesi iliyogunduliwa mwaka 1974, nyaraka za mwambao wa Kilwa ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na zile barua za mwaka 1711 walizopelekewa Wareno wa Msumbiji, ambazo zimehifadhiwa Goa, ni ushahidi kwamba Kiswahili kilikuwa na makatibu wake. Taabu haikukosekana: herufi be ilibeba sauti za b, p na mb pamoja, wala e haikutengwa na i, hata msomaji akahitaji kuijua habari kabla ya kuisoma. Baadhi ya wajuzi waliazima pe ya Kiajemi, yenye nukta tatu chini. Wakoloni, kwa haraka yao, walihimiza hati ya Kirumi, iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kwa kuwa hati hiyo haivuki herufi za Kiingereza, kompyuta za awali zilikipokea Kiswahili bila inda, ilhali hati ya wazee ikangoja Yunikodi, mfumo wa nambari za herufi wa mwaka 1991, iipe pe nambari yake. Na saa za Kiswahili, je, mashine nazo zimezipokea? Simu ya mvuvi wa Songo Songo ingali yaandika 7:00 asubuhi, naye, kwa haki kabisa, husema ni saa moja.